Mwana wa Kulsum

Shadab hakuniitikia salamu. Nilimsalimia mara moja, nikamsalimia mara ya pili, naye akabaki kuniangalia tu, midomo imemkauka. Mkononi alikuwa ameshika karatasi.

Kwa miaka mitatu, kila Alhamisi, mwanamume huyu alinipokea kwa salamu ndefu ya uchokozi, yenye rehema na baraka na vikorombwezo vyote, mpaka akina mama waliokuwa wakiwasha ubani pembeni wakageuza shingo. Mimi nilikuwa nikijifanya nimeudhika. Leo ndipo nilipojua jinsi salamu ile ilivyonidekeza, maana miguu yenyewe iligoma kusogea mbele.

"Mwandiko wa nani huu?" akaniuliza.

Akaigeuza karatasi nikaiona. Ilikuwa nakala ya mashine. Juu kulikuwa na picha ya pasipoti, imetoka nyeusinyeusi, lakini ni yeye kabisa, na zile nywele alizozilaza kwa maji siku ya kupiga picha. Chini yake palikuwa na mwandiko wangu, mistari sita. Nilijua ni nini kabla sijasoma hata neno moja.

"Umeitoa wapi?"

"Ukutani. Nilikuwa nawasha mshumaa wetu, nikajiona nimekaa pale."

Tulikuwa katika chumba cha tatu, chini ya msikiti uliobomoka, kwenye kasri kongwe la Firuz Shah hapa Delhi. Sultani na watu wake waliondoka karne nyingi zilizopita, majini wakabaki, na sisi huwaletea shida zetu kwa maandishi. Barua iwe na jina lako, jina la mama yako, anwani mpaka rangi ya mlango, na picha kama unayo, maana jini asiyekujua atakufikiaje. Halafu unatoa nakala, moja kwa kila chumba, kwa sababu hujui shida yako iko mikononi mwa mkubwa yupi. Kuta zote zimejaa karatasi na masizi. Kitu kimoja ambacho hata mhuni wa stendi hathubutu kukifanya mahali pale ni kusoma barua ya mwenzake.

Shadab alikuwa ameisoma. Na nani asingesoma, akikuta uso wake mwenyewe umebandikwa juu?

"Nitakueleza," nikasema kwa sauti ya chini. "Lakini siyo hapa."

"Hapahapa."

"Ammi yuko chumba cha mbele."

Ammi ni mama yangu. Kila Alhamisi hukaa chumba cha kwanza, akafumba macho, akasoma Yasini mara saba kwa kichwa, na katika saa hiyo mimi huwa nimekwenda kuwasha ubani vyumba vingine. Mapenzi yangu yote yameishi ndani ya Yasini saba za mama yangu. Mungu anisamehe, nimewahi hata kumwombea asome polepole.

Shadab hakujali. Alisogea kwenye mwanga wa mishumaa akaanza kusoma, sauti yake ikitoka kavu, bila kupanda wala kushuka.

"'Enyi wakubwa wa mahali hapa. Mimi Nuzhat binti Sabiha, wa Kalan Mahal, uchochoro wa watengeneza bahasha, mlango wa kijani. Naomba moyo wa Shadab mwana wa Kulsum, mchinjaji wa Kasabpura, unigeukie mgongo. Asinitake, na mimi nisimtake. Haja yangu ikitimia nitawaletea sinia mbili za wali wa zafarani.'"

Alipofika kwenye wali akainua macho.

"Sinia mbili," akasema. "Kumbe mimi naondoka kwa sinia mbili."

"Shadab, tafadhali."

"Hilo la wali naweza kulimeza. Mtu akichoka amechoka, hakuna wa kumlazimisha. Lakini hili hapa." Akaweka kidole juu ya mstari wa tatu. "Kulsum ni nani?"

Niliutazama mlango.

"Miaka mitatu nakusimulia habari za mama yangu. Unajua goti lipi linamuuma. Unajua hali biringanya, unajua alivyonikimbiza na mwiko siku niliyofeli mtihani. Jina lake tu ndilo hujui? Mama yangu anaitwa Zubaida, Nuzhat. Umekwenda kunishtaki kwa majini, na hata mama yangu ni nani umekosea."

Hapo macho yake yalilowa. Macho ya Shadab ni ya hudhurungi, na yana tabia ya kucheka kabla ya mdomo wake, na sijawahi kuyaona yakiwa vile. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lilikuwa sentensi moja tu. Lakini kupitia ukutani nilimsikia Ammi akisoma, tena karibu sana, na vyumba vile vina mwangwi mbaya. Nisingeweza kulitamka jibu lile mahali ambapo Ammi angelisikia. Nikamshika Shadab mkono wa shati, jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele za watu, nikamvuta nje.

Nilimpeleka nyuma ya kisima cha ngazi, kwenye uwanja wa mawe ambako watu huwarushia mwewe nyama. Jua la saa kumi lilikuwa bado kali. Mwewe walimwona Shadab wakaanza kushuka, maana wanamjua. Kila Alhamisi hubeba mfuko wa mabaki kutoka buchani kwao, mapafu na mafuta, akawarushia kwa niaba ya marehemu wa ukoo wao. Ndivyo tulivyojuana. Siku ya kwanza alirusha vibaya, pafu la mbuzi likaniangukia begani juu ya mtandio mpya, na badala ya kuomba radhi akaniambia mwewe wamekosa shabaha kwa sababu wameduwaa kunitazama. Nilimtukana mpaka nikaishiwa. Alhamisi iliyofuata nikavaa mtandio mzuri zaidi.

Leo alifungua mfuko akaanza kurusha bila kutazama juu, vipande vikubwa, kwa nguvu.

"Sema," akaniambia.

Nikamweleza. Siku arobaini zilizopita Ammi alifungua kopo langu la nyuzi. Mimi hudarizi nguo za harusi za watu kwa nyuzi za dhahabu, na katika kopo lile, chini kabisa, nilikuwa nimeficha picha yake. Ammi hakupiga kelele. Aliniuliza huyu ni nani, nikamwambia. Akauliza wa wapi, nikamwambia Kasabpura, na hapo akakaa chini sakafuni palepale alipokuwa amesimama. Hakuhitaji kuuliza kazi yake. Mtaa ule ni wa wachinjaji, na sisi ni masharifu. Paa letu linavuja juu ya kitanda, lakini ukutani tuna nasaba ya baba yangu ndani ya fremu ya kioo, kutoka kwake mpaka kwa Mtume, na Ammi huifuta vumbi kila asubuhi kabla hajapiga mswaki.

"Halafu akaleta karatasi na kalamu," nikasema. "Unajua Ammi hajui kuandika. Msahafu anausoma vizuri kuliko imamu, lakini kuandika hakufundishwa, na herufi hizi za Kihindi nilizosomea mimi shuleni anasema ni nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Barua zake zote za huku ninaandika mimi, tangu nina miaka kumi na tano. Alinitajia maneno, nikaandika. Akaniuliza mama wa kijana anaitwa nani."

"Ukasema Kulsum."

"Nikasema Kulsum."

"Kwa nini?"

Nikamkodolea macho. Wakati mwingine wanaume huhitaji kutafuniwa na kumeziwa.

"Mtu hutafutwa kwa jina la mama yake, Shadab. Wamtafute basi huyo mwana wa Kulsum. Wakimkosa, shauri yao."

Mkono wake ulibaki hewani na kipande cha nyama. Mwewe mmoja alishuka akakinyakua kwenye vidole vyake, na yeye hata hakushtuka.

"Ungekataa tu kuandika," akasema baadaye.

"Kumkatalia Ammi?"

"Au ungeandika jina la kweli. Ni karatasi tu, Nuzhat."

"Kwako ni karatasi." Nilianza kulia, na nilijichukia kwa kulia. "Mimi naamini. Naletwa hapa tangu nabebwa mgongoni. Ningeandika jina la mama yako wangenisikia. Ungeamka asubuhi moja unapiga mswaki, na mimi simo kichwani mwako, hata kidogo. Ungepita mbele yangu sokoni usigeuke. Niliogopa hivyo, na bado naogopa."

Akanitazama. Ni mtazamo ambao siwezi kuusimulia bila kuona haya mpaka leo. Alinyanyua mkono kunifuta machozi, akaona umejaa damu ya mapafu, akaurudisha, akaupangusa kwenye suruali, akautazama tena, akaona bado haufai. Basi akasimama vilevile hatua moja kutoka kwangu na mikono yake miwili hewani. Nilitamani anishike hivyohivyo na damu yake.

"Mwana wa Kulsum," akasema taratibu. "Maskini, popote alipo sasa hivi mkewe amemnunia na hajui kwa nini."

Nilicheka katikati ya kilio. Ingetosha kuishia hapo. Lakini alinawa mikono kwa maji ya chupa, akakunja mfuko mtupu, na uso wake ukarudi kuwa mzito.

"Na Jumapili?" akauliza.

Nilijua litakuja. Jumapili watu wa mji wa Badaun walikuwa wanakuja kunivisha pete. Mchumba mwenyewe ni sharifu wa ukoo wetu, ana duka la dawa, na kwa maelezo ya kila mtu ni mtu mwema. Sina baya la kumsema isipokuwa moja, kwamba siye huyu. Nilikuwa nimemwambia Shadab kwenye simu wiki iliyopita, na tangu siku ile tulikuwa tunalizunguka jambo lenyewe bila kuligusa.

Akaniambia mama yake yuko tayari kuja kwetu kesho baada ya sala ya Ijumaa, na peremende, na shangazi wawili. Sharti lake ni moja. Hatapanda ngazi za masharifu kwenda kuinamisha kichwa wakati msichana mwenyewe hajafungua mdomo nyumbani kwao. Akifukuzwa atavumilia, lakini afukuzwe kwa ajili ya msichana aliyesema anamtaka mwanawe.

"Mwambie Ammi wako," Shadab akasema. "Kwa mdomo wako. Leo."

"Siwezi."

"Jumapili wanakuja na pete."

"Najua Jumapili wanakuja na nini. Siwezi. Hujui anavyonyamaza. Nikimwambia atanyamaza mwezi mzima, atanipakulia chakula bila kuniangalia, na mimi nitakufa."

"Kwa hiyo utavaa pete."

"Sijasema hivyo."

"Hujasema chochote, ndiyo shida yenyewe. Umepata akili ya kuwapoteza majini njia, lakini ulimi wa kuongea na mama yako huna."

Liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli, na mtu akiumizwa na ukweli hurusha jiwe la karibu. Nikamwambia ni rahisi kwake, mtoto wa mchinjaji, hakuna aliyemning'inizia nasaba ya miaka elfu shingoni. Nilipomaliza kulisema nilitamani kulirudisha.

Shadab aliinamisha kichwa, kisha akakiinua.

"Kweli," akasema. "Kwetu ukutani kuna kalenda ya kiwanda cha barafu. Lakini mama yangu ameishanunua kitambaa cha kukufunikia kichwa. Amekiweka kwenye sanduku tangu Ramadhani. Mama yangu Zubaida, ambaye majini hawamjui na mama yako hamjui, anangoja kichwa chako kikubaliane na moyo wako, na mimi sina la kumwambia."

Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kujua.

"Zubaida ni nani?" mtu akauliza nyuma yetu.

Sikuhitaji kugeuka. Ammi alikuwa amesimama juu ya ngazi ya mawe, buibui jeusi, uso wazi, tasbihi mkono mmoja na ndara zake mkono wa pili. Moshi ulikuwa umemtoa chumbani kabla ya Yasini ya sita.

Shadab alificha mikono nyuma akasalimia kwa adabu, akamwita Khala, kama mtu anavyomwita dada wa mama yake. Ammi aliitikia, kwa sababu salamu ni deni. Alimtazama usoni mara moja tu. Alikuwa anaujua uso ule, siku arobaini aliutazama kwenye karatasi.

"Nimeuliza, Zubaida ni nani?"

Hapo ndipo ungesikia moyo wangu kutoka barabarani. Akijua jina la kweli atataka barua nyingine, na safari hii majini wataletewa mtu sahihi. Nilimtazama Shadab nikatikisa kichwa, kidogo, kwa chini. Aseme ni shangazi, ni jirani, ni mbuzi wao. Neno moja la uongo lilitosha, na lisingemgharimu kitu.

"Ni mama yangu, Khala," akasema.

Ningeweza kumsukuma kisimani.

Ammi alishuka ngazi mbili. Hana haraka ya kufikiri, lakini akifika amefika.

"Na Kulsum?"

Mwewe walikuwa wanazunguka juu yetu wakilia. Nikaona nikizidi kunyamaza Shadab atajibu na hili pia kwa niaba yangu.

"Hakuna Kulsum," nikasema.

"Siku arobaini," Ammi akasema, "nimemsomea mtu ambaye hayupo."

Nilitegemea hasira. Ilikuwa aibu. Alijitazama miguu yake mitupu yenye vumbi, mwanamke wa miaka sitini na mbili aliyedanganywa kwa kalamu na mtoto wake mwenyewe, kwa sababu tu hakuna aliyewahi kumfundisha kusoma nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Niliona jinsi nilivyokitumia kile asichokijua, na nikaona nimefanya jambo baya. Kumpenda Shadab sikuona kuwa ni baya, lakini hili lilikuwa baya.

Ammi akakaa juu ya jiwe. Akafungua mkoba wake, akatoa karatasi tupu na kalamu, ambavyo havikosekani mle ndani.

"Kaa," akaniambia. "Andika upya."

"Ammi, nisikilize kwanza."

"Mimi nisikilizwe na nani?" Hakupandisha sauti. "Baba yako alikata roho nimemshika mkono. Hakuniachia nyumba. Aliniachia neno moja, Nuzhat asitoke nje ya ukoo. Nikikutana naye kesho nimwambie nini? Kwamba nilimpa mwanawe mchinjaji? Mikono yake inanuka damu mpaka hapa nilipokaa."

"Ni nyama ya mwewe, Khala," Shadab akasema. "Nyumbani nanawa kwa sabuni."

"Sikukuuliza."

"Samahani."

Kisha Shadab akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa yametulia kabisa.

"Mwandikie mama yako, Nuzhat. Andika Zubaida. Kama ni kuondolewa, niondolewe mimi, siyo mume wa watu asiye na habari."

Akasogea kando hatua kama kumi, akatugeuzia mgongo, akachuchumaa akitazama kisima. Alifanya hivyo ili Ammi asiaibike mbele yake, na Ammi aliliona hilo, najua aliliona, kwa sababu alimtazama mgongo ule kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama uso.

Nikakaa chini miguuni pa mama yangu, nikaweka karatasi juu ya mkoba wake. Ammi akaanza kutaja maneno yake, yaleyale, enyi wakubwa wa mahali hapa, na kalamu yangu ikaenda. Nilimaliza kabla yake. Yeye alikuwa bado kwenye wali.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

Akazungusha tasbihi.

"Nisomee."

Katika miaka kumi na miwili ya kumwandikia hajawahi kuniambia nimsomee. Aliniamini mpaka jioni ile. Na ningeweza kumsomea maneno yake, moja baada ya jingine, yalikuwa bado yako masikioni, na yeye asingejua tofauti. Pete ingekuja Jumapili, nyumba ingebaki na amani yake, na karatasi ingekwenda ukutani na siri yake. Nilimwona Shadab ameinamisha shingo pale mbali. Nikavuta pumzi.

"'Ammi,'" nikasoma. "'Mimi Nuzhat binti Sabiha nampenda Shadab mwana wa Zubaida, tangu miaka mitatu. Sitavaa pete ya Badaun. Ukinikataza kuolewa na Shadab sitatoroka. Nitakaa na wewe, nitakukanda miguu, mpaka nywele zangu ziwe nyeupe kuliko zako. Lakini kwa mwingine siendi. Nimekudanganya kwa kalamu, na sitakudanganya tena. Ni mimi mwanao.'"

Tasbihi ilisimama. Upande wa lango mlinzi alianza kupuliza firimbi ya kufunga, na watu wakaanza kutoka vyumbani na mitandio yao inayonuka ubani. Tulikaa. Nilikuwa nahesabu pumzi za mama yangu, na nilishafika ishirini na kitu.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Safari hii nilimtazama usoni, maana maneno nilikuwa nimeyashika. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia karatasi, mstari kwa mstari, akifuata kidole changu kana kwamba leo herufi zingemhurumia zijisome zenyewe. Aliponisikia nimefika mwisho akaichukua, akaikunja mara mbili, akaikunja tena, akaishika.

Nilidhani ataichana. Nilidhani labda ataipeleka ukutani hivyohivyo. Akanirudishia mkononi, akavifunga vidole vyangu juu yake kwa vidole vyake, kwa nguvu mpaka nikaumia.

"Hii haiwahusu majini," akasema. "Jumapili wageni wakishakunywa chai, utawasomea. Hivyohivyo, kwa sauti hiyohiyo. Mimi sitafungua mdomo, si kukutetea, si kukukana. Tuone kama sauti hiyo unayo mbele ya watu, au unayo kwa mama yako tu."

"Ammi."

"Nimemaliza."

Alisimama kwa taabu, akashika goti. Shadab alikuwa ameinuka kule kisimani, hajui kama asogee au abaki. Ammi alivaa ndara zake kwanza, moja, kisha ya pili, ndipo akamgeukia.

"Na wewe. Mama yako asikanyage ngazi zangu mpaka nimwite."

"Sawa, Khala."

Akaondoka kuelekea lango, mgongo umenyooka, bila kugeuka. Mimi nilibaki pale nimeganda juu ya neno moja. Mpaka. Mama yangu si mtu wa kutupa maneno ovyo. Angeweza kusema kamwe. Angeweza kusema nikiwa hai, au abadani, na maneno hayo yote anayo na huyatumia. Alichagua mpaka, na sasa alikuwa anatembea haraka kuliko goti lake linavyoruhusu, pengine kabla neno hilo halijamrudia masikioni mwake.

Shadab alikuwa amelisikia pia. Aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika, na sikujua kama alikuwa anacheka au analia. Nilikunjua karatasi nikahakikisha maneno yako palepale, nikaikunja tena. Wa Badaun walikuwa watu tisa kwa hesabu ya barua yao ya mwisho, na mmoja wao alikuwa bibi mwenye ulimi unaojulikana ukoo mzima.

"Nuzhat," Ammi akaita kutoka mbele.

Nikamfuata. Nilitembea nyuma yake, karatasi ikilowa jasho kiganjani, na sikugeuka kumtazama Shadab hata mara moja, kwa sababu nilijua nikimwona nitacheka, na kicheko hicho Ammi asingenisamehe.